Ziwa Naivasha na samaki wake wa kuletwa

Ziwa Naivasha liko katika Bonde la Ufa nchini Kenya, karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Maji yake ni baridi na yananyweka, ilhali majirani zake Elmenteita, Nakuru na Magadi ni maziwa ya magadi. Hakuna mto unaotoka humo. Maji huingia kwa mito, zaidi Malewa unaoteremka kutoka milima ya Nyandarua, kisha hupenya chini kwa chini katika miamba ya volkano na kuondoka na sehemu kubwa ya chumvi. Ziwa lenyewe halikai na ukubwa mmoja. Mvua zikiwa nyingi hutanuka, kiangazi kikirefuka hunywea, na katika karne zilizopita limewahi kupungua mno. Ndiyo maana lilikuwa maskini wa samaki. Joseph Thomson alipopita hapo mwaka 1883, ziwa lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, Aplocheilichthys antinorii, kidagaa kisichozidi urefu wa kidole. Mara ya mwisho kilionekana mwaka 1962.

Walowezi wa Kizungu waliona maji mengi yasiyo na samaki wa kuvua. Mwaka 1925 walileta perege mweusi kutoka mito ya Kenya, na miaka michache baadaye besi wa Marekani, Micropterus salmoides, kwa ajili ya mchezo wa kuvua kwa ndoana. Besi ni mlaji wa samaki wenzake, na kidagaa cha asili hakikuwa na ujuzi wa kumkwepa. Mnamo 1956 waliongezwa perege wengine wawili. Mmoja wao, Oreochromis leucostictus, ndiye aliyekuja kuwa kitoweo cha wengi. Dume huchimba kishimo kwenye maji ya kina kifupi. Jike hutaga humo, kisha hubeba mayai kinywani hadi vifaranga waweze kujitegemea. Perege huyu anahitaji ufuo wenye maji yasiyo na tope na mimea ya kujificha, na hali hiyo ndiyo iliyokuja kuharibika.

Uvuvi wa biashara kwa nyavu ulianza mwaka 1959 na mavuno yakafika kilele karibu mwaka 1970. Wakati huo mafunjo yalizunguka sehemu kubwa ya ziwa, mazito zaidi upande wa kaskazini yanakoingia maji ya Malewa. Kinga hiyo ilifanya kazi ambayo hakuna mtambo umewahi kuifanya hapo: maji ya mto yalipungua kasi kati ya mashina, udongo ukatua, na mbolea iliyokuja nao ikanywewa na mizizi kabla ya kufika katikati ya ziwa. Ndani yake kulitanda yungiyungi wa buluu, na chini ya maji nyasi walizofuata ndege na samaki wachanga.

Mwaka 1970 aliletwa kamba mwekundu wa maji baridi mwenye asili ya Louisiana, Procambarus clarkii, ili wavuvi wapate bidhaa ya kuuza nje. Alizaana kwa kasi na kula mimea ya chini ya maji hadi yungiyungi wakatoweka. Kamba walipokuwa wengi mimea iliisha. Walipopungua iliota tena. Wakati huohuo magugu ya kigeni yalikuwa yakielea juu: salvinia tangu miaka ya 1960, kisha gugu maji tangu 1988. Fukusi walioletwa kula salvinia waliidhibiti vizuri, lakini nafasi iliyoachwa ikajazwa na gugu maji.

Mashamba makubwa ya maua yalienea ufuoni kuanzia miaka ya 1980. Maji yalivutwa kwa pampu, mafunjo yakakatwa au kukauka ufuo ulipokimbia, na vitongoji kama Karagita vikajaa wafanyakazi bila mfumo wa maji taka wa kutosha. Ni kosa, hata hivyo, kuyatwika maua lawama zote. Udongo mwingi hutoka mbali, kwenye mashamba ya wakulima wadogo na miteremko iliyokatwa miti huko juu ya Malewa. Mbolea na udongo vilipozidi, mwani ulistawi na maji yaliyokuwa yakipitisha mwanga yakawa mazito ya kijani na kahawia.

Mavuno yaliporomoka, na mwaka 2001 uvuvi ulipigwa marufuku kwa muda. Mwaka huohuo karpu, Cyprinus carpio, alianza kunaswa nyavuni, bila mtu aliyekuwa amepanga kumtia ziwani. Inadhaniwa alitoroka kutoka bwawa la samaki katika bonde la Malewa. Huzamisha mdomo kwenye tope, hulivuta, huchambua wadudu na mbegu, kisha hutema taka. Makundi yakila namna hiyo siku nzima, tope halitulii na mimea haioti. Katika miaka 10 hivi karpu akawa sehemu kubwa kabisa ya samaki waliovuliwa, na ndiye anayekaangwa kwenye mabanda ya Kamere na Karagita.

Kiangazi cha 2009 kililishusha ziwa sana. Mvua zilipoanza, Februari 2010, maji yenye uchafu yaliingia kwa ghafla na samaki wengi wakafa wakielea. Wakazi waliwashuku wenye mashamba ya maua kwa kumwaga dawa, lakini sababu inayotajwa zaidi na wataalamu ni upungufu wa oksijeni. Mwaka 2011 serikali ilianza kupandikiza sato. Baadaye kambare naye alionekana.

Tangu hapo maji yamepanda. Mwaka 2020 yalifurika hadi kwenye nyumba za mtaa wa Kihoto na kufunika migunga ya ufuoni, huku viboko wakisogea karibu na makazi. Huko juu wakulima wamelipwa wapande vipande vya nyasi kwenye miteremko ili kuzuia udongo, kazi ndogo kwa macho lakini ndiyo inayogusa chanzo cha tope. Karpu na perege bado wanaliwa kila siku, na mafunjo ya kaskazini hayajarudi kuwa mapana kama zamani.