Walio Nyuma ya Mwanafunzi

Tunapoadhimisha jubilei ya hekalu letu, kurasa nyingi za kitabu hiki zimewataja, na ni haki yao, waliotoa kiwanja, waliosimamia ujenzi na waliolipia kengele. Sisi tumeombwa na kamati tuandike habari za mfuko wa masomo ya chuo kikuu. Tumekubali kwa furaha, na pia kwa haya kidogo, kwa sababu ambayo msomaji ataiona mbele.

Wazee wetu walitufundisha kwamba sadaka ni nyingi, lakini vidyadaan, yaani sadaka ya elimu, ina sifa yake. Chakula huliwa kikaisha, nguo huvaliwa ikachakaa. Bali mwenye kupewa elimu huigawa kwa wenzake naye akabaki nayo. Sadaka hiyo ina historia katika nchi hii, na ni vyema vijana wetu na majirani zetu waijue.

Mahatma Gandhi alipouawa tarehe 30 Januari 1948, Wahindi wa Afrika Mashariki walijiuliza wamkumbuke kwa njia gani. Wangeweza kujenga mnara wakauvisha mashada ya maua kila mwaka. Badala yake waliazimia kuanzisha chuo cha elimu ya juu, na michango ikaanza kukusanywa. Azimio hilo halikuwa dogo. Siku hizo shule za Kenya zilitengwa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Chuo cha kumkumbuka Gandhi kilikusudiwa kiwe cha watu wa rangi zote.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na mpango wake wa Chuo cha Ufundi cha Kifalme jijini Nairobi, kilichopata hati yake mwaka 1951. Ilionekana si busara kujenga vyuo viwili katika mji mmoja, na mwaka 1954 juhudi hizo mbili ziliunganishwa. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1956, na mwaka huohuo Sarvepalli Radhakrishnan, aliyekuwa Makamu wa Rais wa India, alizindua sanamu ya Gandhi chuoni hapo. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970.

Tunalisimulia jambo hili kwa fahari, lakini fahari isitufumbe macho. Wengi wa kizazi cha baba zetu waliochangia kujenga madarasa ya watu wa rangi zote walifunga maduka jioni na kurudi katika mitaa iliyotengwa. Mwanafunzi Mwafrika alikaribishwa darasani. Sebuleni kwetu hakukaribishwa mara nyingi. Kutoa fedha kulikuwa rahisi kuliko kufungua mlango wa nyumba. Urithi wetu una pande zote mbili, nasi tumeupokea wote.

Upande huo wa pili tunajifunza kutoka kwa historia nyingine ya nchi yetu. Mwaka 1959 Tom Mboya aliona kwamba vijana wa Kenya walikuwa wakipata nafasi katika vyuo vya Marekani lakini hawana nauli. Akiwa na rafiki yake William Scheinman, mfanyabiashara wa vipuri vya ndege, alisaidia kuanzisha shirika la kuwasafirisha. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 wakapanda ndege Nairobi kuelekea New York. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa safari nyingine.

Majina hayo yanajulikana. Lakini nauli humfikisha mwanafunzi uwanja wa ndege tu. Cora Weiss aliendesha ofisi ya shirika lile, na kazi ya ofisi ilikuwa barua, simu na kutafuta nani atampokea nani. Huku nyumbani, wazazi na majirani walichanga, wengine wakiuza mifugo. Wangari Maathai, aliyesafiri mwaka 1960, alipokewa na masista Wabenedikti katika chuo chao huko Kansas, na maisha yake yote aliwakumbuka kwa shukrani. Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuja Nairobi kuendeleza elimu ya watu wazima, alimsaidia karani wa ofisi yake kuomba nafasi chuoni, kisha akamsaidia na gharama. Karani huyo alikuwa Barack Obama, baba wa rais wa Marekani. Kila mwanafunzi alikuwa na mtu wake, mtu anayelijua jina lake.

Sasa tuje kwetu. Miaka kadhaa iliyopita binti wa mama anayeuza maua na nazi karibu na lango la hekalu alipata nafasi ya chuo kikuu Nairobi. Tulilipa karo yake yote ya mwaka wa kwanza. Tulipiga picha, hundi ikiwa mkononi, na picha ikatundikwa ukumbini. Mwaka wa pili tulipotaka kulipa tena, tuliambiwa kwamba binti hasomi tena. Tulikasirika. Baadhi yetu tulisema kwamba vijana wa siku hizi hawana shukrani.

Mzee mmoja wa kamati alikwenda kumuuliza mama. Akajibu kwa upole, huku akitunga maua: “Mzee wangu, karo mlilipa, Mungu awajaze. Lakini mwanangu hakuwa na pa kulala karibu na chuo, na mtu wa kumpigia simu hakuwa naye.” Binti alikuwa akilala kwa jamaa mbali na mji, akipanda matatu mbili asubuhi na mbili usiku, hata akaanza kukosa masomo, kisha mitihani. Mama yake alikuwa akituuzia maua kila siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, “Mtoto hajambo?” Ndiyo haya tuliyoitaja mwanzoni.

Tangu siku hiyo mfuko wetu haumpokei mwanafunzi kabla hajapewa mlezi. Mlezi si lazima awe tajiri. Mmoja wetu, mhasibu mstaafu, huwapigia simu wanafunzi watatu kila Jumapili. Familia moja ya Nairobi imetoa chumba. Mama mmoja wa kikundi cha bhajan huwaandalia chapati na achari za kurudi nazo chuoni. Jirani yetu, mwalimu mstaafu Mwislamu, huwasaidia kujaza fomu za mkopo wa serikali, kazi ambayo imewashinda vijana wengi kuliko hesabu. Binti wa mama wa maua alirudi chuoni baada ya mwaka mmoja, akamaliza. Leo yeye mwenyewe ni mlezi wa mwanafunzi mwingine.

Sisi ni watu wa biashara. Kila Diwali tunaleta vitabu vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi na Saraswati, vibarikiwe kabla ya kuandikwa tarakimu ya kwanza. Mfuko wa masomo nao una kitabu chake. Zamani kilikuwa na safu mbili, jina na kiasi. Sasa kina safu ya tatu, jina la mlezi, na hiyo ndiyo tunayoikagua kwanza.

Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwaka huu safu ya tatu ina nafasi nne tupu. Msomaji, uwe mwanachama wa hekalu hili au jirani yetu wa dini yoyote, ukiwa na saa moja kwa wiki na simu, karibu ofisini baada ya aarti ya jioni. Fedha tutazitafuta pamoja. Mungu awabariki wote waliotangulia katika njia hii, wanaojulikana na wasiojulikana.