Mtoto mzima aende kliniki kufanya nini?

Mtoto haumwi, lakini anapelekwa kliniki: anapimwa uzito, anachanjwa, mama anaulizwa ananyonyeshaje. Kwetu ni kawaida. Miaka 120 iliyopita ingeonekana kichekesho, maana daktari alikuwa wa wagonjwa.

Kiangazi cha 1908, Dkt. Sara Josephine Baker wa idara ya afya ya jiji la New York alituma manesi Lower East Side, eneo la wahamiaji maskini ambako kila msimu wa joto kuhara kuliua vichanga wengi. Manesi walibisha hodi kwa kila aliyejifungua. Hawakubeba dawa, walibeba maelekezo tu: mnyonyeshe, mwogeshe, fungua madirisha, usimvalishe manguo mazito. Msimu ulipoisha, vifo mtaani hapo vilikuwa vimepungua kwa 1,200 kuliko mwaka uliotangulia.

Na waliotelekezwa, wasio na mama wa kuelekezwa? Hao walilelewa hospitalini. Usafi ulikuwepo, manesi walikuwepo, ila karibu nusu yao walikufa. Baker akawagawa kwa akina mama wa mitaa ileile maskini, wawalee kwa malipo. Vifo vikashuka hadi theluthi moja hivi. Wodini palikosekana mtu wa kuwapakata.

Je, wote walifurahi? Thubutu! Madaktari zaidi ya 30 wa Brooklyn walimwandikia meya aifunge ofisi ya Baker: watoto wakiwa wazima, wao watakula wapi? Baker mwenyewe aliichukua barua hiyo kama sifa.