Imeli za Ofa Zilianza 1978, na Ujanja Bado ni Ule Ule

Wasee, zile imeli za "Ofa inaisha leo usiku!" zina umri kunishinda, kukushinda wewe, na pengine hata kumshinda mzazi wako.

Ya kwanza inayojulikana ilitumwa Marekani tarehe 3 Mei 1978. Wakati huo intaneti hii yetu haikuwepo. Kulikuwa na ARPANET, mtandao wa serikali uliounganisha watafiti, vyuo vikuu na jeshi. Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alitaka kualika watu California waje waone mashine mpya. Badala ya kuandikia kila mtu barua yake, walichukua kitabu chenye orodha ya watumiaji wa mtandao, wakachapa anwani karibu 400, wakatuma ujumbe mmoja kwa wote. Anwani zilikuwa nyingi hadi zikajaza nafasi yake na kumwagikia ndani ya ujumbe wenyewe.

Watu waliwaka. DEC iliambiwa wazi kwamba ARPANET ni ya kazi za serikali, si soko. Lakini Thuerk alikuja kusema ujumbe ule ulileta mauzo ya kama dola milioni 13. Hapo ndipo mambo yote yalipo: hasira za watu 400 ni bei rahisi sana ukizilinganisha na hizo doo.

Sasa cheki. Kile kitabu hakikuandikwa ili watu wauziwe kompyuta. Kiliwasaidia watumiaji kupatana. Kitu kilichotolewa kwa kazi moja kikageuzwa kufanya kazi nyingine. Si ndivyo ilivyo mpaka leo? Mimi nilinunua chaja mtandaoni, nikaacha imeli ili nitumiwe risiti. Chaja ilikufa kitambo. Imeli bado zinakuja, asubuhi na jioni.

Kilichobadilika ni kwamba siku hizi imeli nayo inakuangalia. Nyingi hubeba kapicha kasikoonekana kanakoliambia duka kwamba umefungua, na ni saa ngapi.

Marekani ilipitisha sheria ya CAN-SPAM mwaka 2003: duka linaweza kukutumia matangazo mpaka useme acha. Sisi Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hiyo inataka anayetumia data yako kibiashara awe na idhini yako ya wazi, au aruhusiwe na sheria na awe alikuarifu alipoichukua. Tena una haki ya kukataa matangazo, bila kulipa chochote. Na si maneno ya karatasi tu: Septemba 2023, klabu moja Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini.

Kwa hivyo usifute tu, kesho itarudi. Kama ni duka unalolijua, shuka hadi chini kabisa ya imeli, bofya kale kamaandishi kadogo ka kujiondoa. Kama hulijui, usibofye kitu, iripoti kama spamu. Na duka likiendelea baada ya kukataa, weka ushahidi, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Tangu 1978 hesabu yao ni moja: watu watanung'unika, kisha watanyamaza. Usinyamaze.