Daktari Aliyeisoma Mifupa ya Olduvai

Leo tutaeleza habari za daktari mmoja, utafiti wake, na wanafunzi wake.

Mtu akitoka Karatu hupanda ukingo wa Ngorongoro, kisha huteremka upande wa Serengeti mpaka Bonde la Olduvai. Jina hilo latokana na oldupai, yaani mkonge wa porini kwa Kimasai. Tarehe 17 Julai 1959, Bibi Mary Leakey aliona huko fuvu la kiumbe wa miaka kama 1,750,000 iliyopita. Mumewe, Dakta Louis Leakey, alimwita kiumbe huyo Zinjanthropus. Lakini kupata mfupa ni jambo moja, na kuufahamu ni jingine. Nani angelipima fuvu lile?

Mwezi wa Agosti wataalamu walikutana Leopoldville, mji ambao sasa ni Kinshasa. Huko Leakey alimkabidhi kazi hiyo Dakta Phillip Tobias wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg.

Tobias alizaliwa Durban mwaka 1925. Dada yake alikufa angali kijana kwa ugonjwa wa kisukari, na msiba huo ulimsukuma kutaka kujua jinsi maradhi yanavyorithiwa katika ukoo. Akasomea udaktari. Mwalimu wake wa elimu ya maungo alikuwa Profesa Raymond Dart, naye Tobias akakirithi kiti chake mwaka 1959.

Alilipima fuvu lile kipande kwa kipande. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, baada ya miaka minane. Alikadiria kuwa ubongo wa Zinjanthropus ulikuwa na sentimita za ujazo 530 hivi. Wetu ni kama 1,350.

Mwaka 1960 palionekana Olduvai mifupa ya kiumbe mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi. Mwaka 1964 Leakey, Tobias na John Napier, daktari aliyebobea katika mifupa ya mkono, walimtangaza kwa jina la Homo habilis, maana yake mtu hodari wa mikono. Jina hilo lilipendekezwa na mzee Dart. Wataalamu wengi walikataa. Tobias aliendelea kupima, na kitabu chake kikubwa juu ya mifupa hiyo kilitoka mwaka 1991.

Wanafunzi zaidi ya 10,000 walipita mikononi mwake, katika nchi iliyotawaliwa kwa ubaguzi wa rangi. Tangu alipokuwa mwanafunzi alipinga vyuo kutenga watu kwa rangi. Steve Biko alipofia kizuizini mwaka 1977, baraza la madaktari halikuwaadhibu waganga waliomwangalia. Tobias na madaktari wenzake walilishtaki baraza hilo, na mwaka 1985 mahakama iliwapa haki. Basi aliyowaambia wanafunzi darasani juu ya wajibu wa daktari kwa mgonjwa, aliyasimamia mbele ya hakimu.

Fuvu la Zinjanthropus lilirudishwa kwetu mwaka 1965, nalo limehifadhiwa Dar es Salaam. Tobias alifariki mwaka 2012.

Sasa, wenyeviti wa vikundi, zungumzeni maswali haya:

1. Kwa nini mtu wa kupima mifupa ya kale alihitaji elimu ya daktari?
2. Mwalimu huwafundisha wanafunzi wake nini kwa maneno, na nini kwa matendo?