Masanga, Kahawa na Ulimi wa Mtu

Ukimwuliza kijana wa Yanonge leo kwamba atakunywa nini, atakujibu mara moja: Primus, au sukre (ndivyo tunavyoita soda huku kwetu), au chai, au maji tu. Kwake ni swali jepesi. Lakini katika nchi yetu swali hili halikuulizwa kwa miaka mingi. Mtu alikunywa alichopewa, na aliyempa alikuwa mzee wa ukoo, au dini, au serikali. Tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu jinsi mambo yalivyokwenda hapa mtoni, kwa maana vijana wengi hudhani kwamba kupenda kinywaji hiki na kukataa kile ni jambo lililoletwa na duka.

Tuanze na masanga ya mbila, yaani tembo la mchikichi. Mgema hupanda mti asubuhi na jioni, hukata kole la maua, hutega chombo chini yake, na maji ya mti hudondoka polepole. Maji hayo yakitoka tu ni matamu kama sukari, wala hayana ukali. Lakini chachu imo hewani, na mabaki ya jana yamo chomboni, basi baada ya saa chache povu hupanda. Ikifika jioni kileo chake ni kama sehemu 4 au 5 katika 100, karibu sawa na bia. Ukingoja siku moja au mbili zaidi umepata siki.

Tazameni basi. Mti mmoja, bila kiwanda wala moto, ulitoa kinywaji kisicho kilevi na kinywaji kilevi, na aliyetenganisha hivyo viwili ni jua tu. Watu walijua ladha kwa saa. Wengine walipenda ya asubuhi, tamu ya kumpa hata mtoto. Wengine ya mchana, iliyoanza kuuma ulimi. Na wazee wengine hawakutaka kuiona mpaka imekuwa kali na chungu kidogo. Mti huu na ule haukutoa ladha moja, na mgema huyu na yule hawakuwa na mkono mmoja. Hata leo mnunuzi wa masanga huonja kwanza kabla ya kutoa feza, na mwuzaji haoni haya. Chupa ya bia hununuliwa ikiwa imefungwa. Kwa hiyo tusiseme kwamba wazee wetu hawakuwa na ulimi wa kuchagua. Ulimi walikuwa nao. Kilichopungua baadaye ni vya kuchagua.

Wageni walipokuja, kila mmoja alikuja na kikombe chake. Mwaka wa 1887 Tippu Tip wa Zanzibar alifanywa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, mwendo wa karibu kilomita 60 kupanda mto kutoka Yanonge. Waungwana waliokaa naye walikuwa Waislamu: walileta mchele, Kiswahili, na mfano wa mtu mzima mwenye heshima asiyegusa pombe. Kabla ya mwaka wa 1900 wamisionari Wabaptisti walijenga Yakusu, karibu na hapo, nao wakawataka wakristo wao waache masanga. Mwaka wa 1897 Padre Gabriel Grison na wenzake wa Moyo Mtakatifu walianza misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Sisi Wakatoliki hatukukatazwa masanga, tulikatazwa ulevi. Basi ikawa kwamba mtu akikataa kibuyu, watu walikisia dini yake kabla hajafungua kinywa kusali. Tunasema hivyo kwa kucheka kidogo, lakini tufikiri pia hali ya Mkatoliki ambaye ulimi wake tu haukupenda masanga. Huyo angejieleza namna gani? Wakwe zake wangemwona ni Mprotestanti, au ni mwenye kiburi, au anaogopa sumu.

Ndipo serikali ikaingia. Mkutano wa Brussels wa mwaka wa 1890 ulizuia biashara ya vinywaji vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkataba wa Saint-Germain wa mwaka wa 1919 ukaendeleza jambo hilo. Hatuwezi kusema kwamba lilikuwa baya lote, maana jini na ramu za biashara zilikuwa zimeharibu watu wengi pwani ya magharibi. Lakini sheria ilipima rangi ya mtu, haikupima ulevi wake. Katika Kongo ya Wabelgiji Mwafrika aliruhusiwa bia, ila vinywaji vikali na divai vilikuwa vya Wazungu, mpaka miaka ya 1950. Kenya hali ilikuwa ngumu kuliko yetu: huko hata bia ya chupa ya Kizungu ilikatazwa kwa Waafrika mpaka mwaka wa 1947.

Jambo moja hapa linatugusa sisi makatekista. Padre Stefano Kaoze alipadrishwa mwaka wa 1917, wa kwanza katika Wakongo, akafa mwaka wa 1951. Miaka yote hiyo aliinua kikombe cha divai altareni. Lakini wakristo waliopiga magoti mbele yake wakati ule, hata mwalimu aliyesoma vema, waliona kwamba chupa ya divai dukani si yao. Si ajabu kwamba wale walioitwa evoluwe walipodai haki zao, divai ilikuwa mojawapo. Wengi walioipata hawakuipenda. Waliona ni chachu, wakarudi kwenye bia. Lakini sasa walikuwa wameonja, na aliyeonja akakataa hafanani na aliyekatazwa.

Bia yenyewe ilikuwa imekwisha kupata makao. Kampuni ya Brasserie de Léopoldville, mama wa Bralima, iliundwa mwaka wa 1923, na Primus ya kwanza ilitoka mwaka wa 1926. Bia ilikuja na jambo jipya: chupa ya leo ni sawa na ya jana, na ya Kinshasa ni sawa na ya Kisangani. Mtu wa mshahara aliingia baa, akaita jina la bia yake, akalipa mwenyewe. Hakungoja mzee amjazie kikombe. Hapo ndipo watu walipoanza kusema «mimi ni mtu wa bia fulani», kama wanavyosema ni wa timu fulani.

Sasa kahawa, maana hapo pana ajabu kuliko pote.

Mto Lomami huingia katika mto Kongo hapo Isangi, chini yetu kidogo. Katika misitu ya Lomami mmekuwako tangu zamani kahawa ya mwituni. Mwishoni mwa karne ya 19 mbegu zake zilifika Brussels, kwa mfanya biashara wa miche aliyeitwa Lucien Linden, naye akaitangaza kwa jina la robusta, maana yake yenye nguvu. Wakati ule kahawa ya arabika kisiwani Java ilikuwa ikifa kwa ugonjwa wa kutu ya majani. Mwanzoni mwa karne ya 20 robusta ilipelekwa huko, ikashinda ugonjwa, na baadaye mbegu zilizochaguliwa Java zikarudi tena Kongo. Mwaka wa 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, na kituo chake kikubwa kikawa Yangambi, ng'ambo ya mto. Huko wataalamu waliichunguza robusta mti kwa mti, wakaandika ipi inazaa sana na ipi inapendeza ulimi.

Na ulimi ulioulizwa ni wa nani? Wa wanunuzi wa Ulaya. Watu wetu walipalilia, walichuma, walianika, walibeba magunia mpaka kivukoni. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na uchungu wake ni mkubwa. Hakuna azaliwaye akiipenda. Mtu huipenda kwa kuirudia, na kurudia kunataka sukari, birika, na nafasi ya kukaa kitako asubuhi. Mchumaji alikuwa na kipi katika hivyo? Kwa hiyo kinywaji kilichotoka msituni petu kimejulikana zaidi katika mikahawa ya Ulaya kuliko katika nyumba za Yanonge, na leo hii mtu wa hapa akitaka kahawa mara nyingi hununua ya unga kutoka ng'ambo, imefungwa katika kifuko kidogo.

Lotoko hatuwezi kuiruka. Hupikwa kwa mahindi na mihogo, ikageuzwa mvuke na kudondoshwa. Zamani za Wabelgiji ilipikwa kwa kujificha porini. Siku hizi mama wengi wanaipika kulipia watoto shule, nasi hatuna ujasiri wa kuwatukana. Lakini tuseme wazi: nguvu yake haipimwi na mtu, na anayeinywa mara nyingi hakuichagua kwa ladha. Aliichagua kwa kuwa feza ya bia haipo. Wapo waliozikwa kwa ajili yake.

Mabadiliko tunayaona zaidi katika mahari. Zamani jamaa za bibi arusi walingojea masanga, na kila mtu alikunywa. Siku hizi wanaandika karatasi: kreti kadhaa za bia, kreti kadhaa za sukre, dumu la masanga kwa ajili ya wazee. Mbele ya kuandika, mjomba huzunguka na kuuliza jina kwa jina. Shangazi mmoja asema yeye ni sukre, bibi asema masanga, lakini yawe ya asubuhi. Mjomba anaandika.