Kupigana na Marehemu

Jumamosi moja tulikuwa wanane kwenye baraza ya shangazi, kila mtu na simu yake, tunacheza Hearthstone Battlegrounds. Dau lilikuwa chipsi mayai: wawili wa juu wanakula bure, sita waliobaki wanachanga. Mbele ya macho ya watu huo ni utoto. Lakini jirani yetu mmoja, ambaye sote tunamwita Kaka kwa sababu ametuzidi umri, alikuwa hajapata kazi kwa miezi miwili. Kwake buku mbili za mchango zilikuwa nauli ya kesho.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, mambo ni hivi. Kila mchezaji ananunua wapiganaji kwa sarafu, anawapanga, kisha wanapigana wenyewe bila yeye kugusa kitu. Kila raundi unakutanishwa na mmoja kati ya wale saba. Ukishindwa unapungua uhai, ukiisha unatoka. Sasa, wanane wanagawanyika vizuri wawili wawili. Akitoka mmoja, wanabaki saba, na mtu mmoja anakosa mwenzake. Mchezo unamletea nani? Unamletea marehemu. Jeshi la mwisho la yule aliyetolewa karibuni linafufuliwa, linasimama tena uwanjani, nawe unapigana nalo.

Siku ile tulibaki watatu. Kinara alikuwa na jeshi la kutisha. Kaka alikuwa na uhai 13. Mimi nilikuwa nao 4, yaani nachungulia kaburi. Binamu yangu ndiye alikuwa ametoka wa mwisho, na ametoka vibaya: simu ilimzimikia chaji, jeshi lake likakaa raundi kadhaa bila kuongezewa mtu mpaka uhai ukamwisha. Raundi ikapangwa. Kaka akapewa kinara. Mimi nikapewa mzimu wa binamu.

Nilishinda bila jasho. Kaka alipigwa, uhai wote 13 ukaenda kwa mkupuo mmoja. Akawa wa tatu, mimi wa pili. Aliweka buku mbili zake mezani taratibu, akaniambia, "Mdogo wangu, wewe hukumshinda mtu. Umebebwa na maiti."

Zile chipsi hazikupita vizuri kooni.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia swali hili, na kumbe ni la zamani kuliko simu. Michezo ya aina hii yenyewe ni michanga. Ilivuma Januari 2019, pale kikundi cha Kichina kiitwacho Drodo Studio kilipotoa Dota Auto Chess, mchezo uliojengwa ndani ya mchezo mwingine, Dota 2. Mwaka uleule zikafuata Teamfight Tactics na Dota Underlords mwezi Juni, kisha Battlegrounds mwezi Novemba. Teamfight Tactics ilichagua njia tofauti: idadi ikiwa witiri, anayekosa mwenzake anapigana na nakala ya jeshi la mchezaji aliye hai. Battlegrounds ikachagua wafu, na ikamkabidhi jeshi lao Kel'Thuzad. Wanaoijua Warcraft III ya mwaka 2002 wanamkumbuka: mchawi wa wafu aliyeuawa na Arthas, kisha Arthas huyohuyo akamfufua. Kwa kazi hii, asingepatikana mwingine.

Tofauti ya njia hizo mbili si ndogo. Nakala ya aliye hai ina nguvu za leo. Jeshi la marehemu lina nguvu za siku aliyokufa. Wenzake wanaendelea kununua na kukua, yeye amesimama palepale. Kadiri raundi zinavyopita ndivyo anavyozidi kuwa mteremko. Kuna siku anauma kweli, hasa akiwa ametoka sasa hivi na jeshi lake lilikuwa zito. Lakini ule wa binamu yangu ulikuwa mzimu wenye njaa.

Wacheza sataranji walilikuta tatizo hili mapema. Mwaka 1895, mjini Zürich, mwalimu Julius Müller alipanga mashindano ambayo kila mchezaji anakutanishwa na mwenye pointi zinazokaribiana na zake, bila kulazimika kucheza na wote. Ndiyo maana unaitwa mfumo wa Uswisi. Wachezaji wakiwa witiri, mmoja anakaa pembeni na kupewa pointi nzima ya bure. Kwa hiyo sheria zikaweka ua: aliyekwisha kuipata hapewi mara ya pili, na kwa kawaida inaangukia walio mkiani, pale ambapo haimpokonyi mtu kombe.

Kwenye mashindano ya kila mtu kucheza na kila mtu, kuna sheria nyingine inayonigusa zaidi. Mchezaji akijitoa kabla ya kumaliza nusu ya mechi zake, matokeo yake yanabaki kwenye kumbukumbu, lakini hayahesabiwi katika msimamo wa mwisho. Waliomshinda wananyang'anywa ushindi, waliofungwa naye wanasamehewa. Marehemu anaondoka na vitu vyake vyote.

Inaonekana ni haki tupu, sivyo? Hata mimi niliona hivyo, mpaka nilipotazama mechi za Afrika za kufuzu Kombe la Dunia la 2026. Yalikuwa makundi tisa ya timu sita sita. Eritrea ilijitoa katika kundi E, kundi la Tanzania yetu, likabaki na timu tano. Tatizo likaja kwenye kutafuta washindi wa pili wanne bora: utawalinganishaje wa kundi la watano na wa makundi ya sita? Ikaamuliwa kwamba katika makundi mengine, mechi dhidi ya timu ya mwisho zisihesabiwe.

Burkina Faso walikuwa na pointi 21, Nigeria 17. Burkina Faso waliipiga Djibouti, timu ya mwisho kundini kwao, mara mbili: 4–1 na 6–0. Nigeria walitoka sare mara mbili na Zimbabwe, ya mwisho kundini kwao. Ondoa mechi hizo: Burkina Faso 15, Nigeria 15. Tofauti ya mabao, Nigeria 7, Burkina Faso 6. Nigeria wakaenda hatua ya mchujo, Burkina Faso wakabaki nyumbani. Bao moja! Aliyefanya kazi yake sawasawa dhidi ya mnyonge akalipia, aliyekwama kwa mnyonge akafutiwa deni. Na Eritrea, chanzo cha yote, hawakugusa mpira.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nafasi ya aliyeondoka haina njia safi ya kuzibwa. Ukimfufua, mtu anapata mteremko. Ukimfuta, mtu anapoteza jasho lake. Ukiweka nakala ya aliye hai, mmoja anapigwa na jeshi ambalo mwenyewe yuko kwingine akipigana vita vyake. Kila tiba inahamisha maumivu kutoka bega hili kwenda lile. Kinachobaki mikononi mwetu ni mambo mawili: kutangaza sheria kabla, na kutoruhusu bahati ya raundi moja iamue yote. Wa sataranji waliyajua hayo. Sisi pale barazani hatukuwa na hata moja.

Jumapili yake nilimfuata Kaka kwake na buku mbili mkononi. Alinikaribisha chai, zile hela akazisukuma kurudi upande wangu. "Hatukuweka sheria kabla," akasema, "tusije kuiweka baada. Ukinirudishia mimi, na wale watano wengine utawaambia nini?" Sikuwa na jibu.

Sasa tunacheza michezo mitano kila Jumamosi, tunajumlisha nafasi, ndipo tunajua nani anachanga. Mzimu bado unakuja, lakini katika michezo mitano unapita kwenye milango mingi. Wiki iliyopita ulimwangukia Kaka tukiwa watatu, na mzimu wenyewe ulikuwa wangu. Alinipiga vibaya sana, huku mimi nimekaa pembeni natazama jeshi langu likifa mara ya pili.

Sikusema kitu. Nilichanga.