Bondeni na Kabatini: ‘-ni’ mbili zilizokutana Nakuru

Nakuru ina Bondeni, mtaa mkongwe karibu na katikati ya jiji. Nje kidogo iko Kabatini, penye visima vinavyolinywesha jiji hilo. Majina yote mawili yanaishia na -ni ya mahali, lakini kila moja lilifika kwa njia yake.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na Kiswahili kikapanda nayo kutoka Mombasa, ambako pia kuna Bondeni. Wakikuyu nao waliingia Bonde la Ufa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru wengi wakanunua ardhi. Walikuja na -ini ya lugha yao. Ndiyo maana wapo wanaoandika Kabati-ini hadi leo. Wenyeji waliowatangulia walikuwa na desturi tofauti. Kwa Wakalenjin, kwa mfano, alama ya mahali hutangulia jina: wana Kap- ya Kaptembwo.

Je, hizi -ni mbili ni ndugu? Mwaka 1994 wanaisimu Ridder Samsom na Thilo Schadeberg walichapisha makala kwa Kiswahili, “Kiinimacho cha mahali”, wakieleza kwamba asili ya -ni ni ini, kiungo cha mwili. Ini limefichika ndani, hivyo jina lake likaja kumaanisha “ndani”, kisha likafupika na kuganda mwishoni mwa nomino. Undugu huo unafika mbali: Wazulu huuita mji wa Durban eThekwini, yaani penye ghuba, na Watswana wana Mahikeng (zamani Mafikeng), penye mawe, ambapo -ni ya kale imebaki -ng.

Kabla ya hapo, Kibantu kilionyesha mahali kwa viambishi vya mwanzoni: pa-, ku- na mu-. Wazulu bado huweka e- mbele na -ini nyuma. Kiswahili kimeviondoa viambishi hivyo kwenye nomino, lakini upatanisho unavikumbuka: Bondeni pana watu, Bondeni kuna watu, Bondeni mna watu. Nomino ni ileile. Kitenzi ndicho kinachotofautisha mahali hasa, eneo na ndani.

Kwa hiyo anayedhani -ni ni mali ya pwani iliyoletwa bara na treni amepata nusu ya habari. Kabatini haikuingoja Mombasa.